Giza Si Ushahidi

Mtu anayeonekana akitembea peke yake saa nane za usiku katika mji mdogo kama Hale huhukumiwa kabla hajafungua kinywa. Akiwa kijana ni mwizi. Akiwa mwanamke ni malaya. Akiwa bibi kizee ni mwanga. Akiwa mgeni mwenye mkoba ni mumiani. Hukumu hizi zinatofautiana sana, lakini zina asili moja: hakuna hata moja iliyotokana na alichokifanya mtu mwenyewe. Zote zimetokana na saa. Swali linalojitokeza hapo ni la dini na la falsafa kwa pamoja: je, saa inaweza kuwa ushahidi? Je, kitendo kile kile cha kutembea, ambacho saa nne asubuhi hakimshughulishi mtu yeyote, kinaingiwa na uovu kwa kuwa jua limezama? Jibu langu ni hapana, na nadai zaidi ya hapo. Giza haliongezi hatia ya anayetembea. Linaongeza ujinga wa anayemtazama. Kosa letu ni kuuchukua ujinga huo, ambao ni wetu, tukauandika katika hesabu ya mwenzetu.

Hale inafaa kuanzia kwa sababu kazi za hapo hazijapata kulifuata jua. Iko wilaya ya Korogwe, kando ya mto Pangani, katika barabara kuu inayotoka Segera, upande wa Handeni, kwenda Muheza na Tanga. Tangu mwaka 1964 maji ya mto huo yanazungusha mitambo miwili ya umeme yenye uwezo wa megawati 21 kwa pamoja. Mitambo ya namna hiyo haifungwi jioni. Jioni ndipo watu wanapowasha taa na mahitaji yanapopanda. Lazima basi awepo anayekwenda zamu usiku na mwingine anayerudi, na mwenye nyumba anayechungulia dirishani chini ya balbu akimshuku mpita njia, pengine anamshuku yule yule aliyemwashia balbu hiyo. Kabla ya umeme ulikuwapo mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikasalia hai 62 tu, na kutokana na hiyo yakaenea mashamba yaliyofunika sehemu kubwa ya Muheza na Korogwe. Mkata mkonge hangoji jua. Hutoka kungali giza ili amalize kipande chake kabla ya joto kupanda, na majani aliyoyakata lazima yafike korona, yaani kiwanda cha kusindika mkonge, yangali mabichi. Ongeza madereva wa malori, wauguzi, wakunga, walinzi, wauza machungwa na chai wanaoyangojea mabasi, Wakristo wanaotoka mkeshani, na katika mwezi wa Ramadhani mpiga ngoma ya daku, ambaye nadhani ndiye mtembea usiku pekee anayelalamikiwa asipopita. Wengi wa walioko njiani usiku wana shughuli inayoeleweka kabisa, ila haieleweki kwa macho ya aliyesimama mbali.

Barabara hiyo hiyo ya Segera inatoa somo jingine. Kwa karibu miongo mitatu mabasi ya abiria Tanzania yalizuiwa kusafiri usiku kucha. Sababu zilikuwa nzito: ajali na ujambazi. Mwaka 2023 serikali iliondoa zuio hilo na mabasi yakaruhusiwa kwa ratiba na masharti. Sidai kwamba zuio lilikuwa upuuzi, maana watu walikufa kweli. Lakini angalia masharti yaliyochukua nafasi yake: madereva wawili kwa safari ndefu, vifaa vya kufuatilia mwendo, ratiba zinazokaguliwa. Hakuna hata moja linalohusu giza. Yanahusu uchovu, mwendo kasi na uzembe, yaani vitendo vya watu. Kwa miaka mingi tuliadhibu saa, halafu tukagundua kwamba tulipaswa kumsimamia dereva. Nadhani hoja yangu yote imo ndani ya mabadiliko hayo, ingawa walioyafanya hawakuwa wakifikiria falsafa.

Ushahidi mzito zaidi unatoka katika historia ya tiba ya mkoa wa Tanga wenyewe. Ugonjwa wa matende na mabusha umewasumbua watu wa pwani hii kwa vizazi. Unaletwa na minyoo inayosambazwa na mbu, na minyoo hiyo ina tabia ya ajabu: vichanga vyake hujificha mchana katika mishipa ya ndani ya mwili, hasa ya mapafu, na usiku hujitokeza katika damu iliyo karibu na ngozi, wakati ule ule ambapo mbu wanaoisambaza wanatafuta chakula. Ukimtoboa mtu kidole saa sita mchana unaweza kumwambia kwamba ni mzima, naye ni mgonjwa. Kwa sababu hiyo watafiti walipaswa kwenda vijijini usiku, nyumba hadi nyumba, wakiwa na sindano na vioo vya kupimia, na kuwaomba watu waliotaka kulala watoe damu. Tafuta sasa katika fikra za pwani ni nani mwenye sifa hizo: mgeni, atembeaye usiku, achukuaye damu. Ni mumiani. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi wa wanyonya damu Afrika Mashariki, ameonyesha jinsi hofu hiyo ilivyoenea wakati wa ukoloni kutoka pwani hadi Uganda, na jinsi isivyokuwa upumbavu mtupu: watu waliokuwa wakitozwa kodi na kufanyishwa kazi bila kuelezwa sababu walikuwa na kila haki ya kujiuliza wanachukuliwa nini kingine. Nakubali. Hata hivyo, kwa mpimaji wa matende dalili zote za uovu zilikuwapo, na hitimisho lilikuwa batili. Saa ya usiku haikuchaguliwa na nia mbaya ya mtu. Ilichaguliwa na ugonjwa. Mpango wa taifa wa kugawa dawa za kutokomeza matende ulipoanza Mafia mwaka 2000, ulisimama juu ya maarifa yaliyopatikana usiku, kutoka kwa wanakijiji waliokubali kumfungulia mlango mtu waliyekuwa na sababu za kumwogopa. Wanakijiji hao wanastahili sifa ambayo hawakupewa kamwe.

Pale ambapo mlango haukufunguliwa, na hofu ikaachiwa kazi ya hakimu, matokeo yanajulikana. Mwaka 1995 Pemba na Unguja zilikumbwa na taharuki ya Popobawa, jini lililodaiwa kuwavamia watu usiku vitandani. Familia zililala nje kwa makundi, moto ukiwaka, kila kivuli kikitiliwa shaka. Katika siku hizo mwanamume mmoja kutoka bara, mwenye maradhi ya akili, aliyekuwa amekuja Unguja kutafuta tiba, aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye. Kosa lake lilikuwa kuonekana, kuwa mgeni na kushindwa kujieleza. Kule Usukumani bibi wazee wameuawa kwa miongo mingi kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni walizopikia watoto na wajukuu wa wauaji wenyewe. Uso wa mtu, kama ilivyo saa anayotembea, unafanywa kuwa ungamo ambalo hakulitoa. Sheria ya uchawi tuliyoirithi kutoka mwaka 1928 inaadhibu uchawi, lakini inamwadhibu pia anayemtangaza mwenzake kuwa mchawi kinyume cha utaratibu. Watu wanaikumbuka nusu ya kwanza tu.

Mtu anaweza kusema kwamba mambo haya ni ya umati usiosoma, na kwamba dola haifikiri hivyo. Dola imefikiri hivyo kwa muda mrefu kuliko umati. Sheria ya Winchester ya mwaka 1285 huko Uingereza iliwaamuru walinzi wa miji kumkamata mgeni yeyote anayepita usiku na kumshikilia hadi asubuhi. (Nitaitendea haki: ilisema pia kwamba kukipambazuka bila shaka yoyote kuonekana, aachwe aende. Walinzi wetu wengi wangefaa kuisoma sehemu hiyo.) Mwaka 1824 Waingereza walipitisha sheria ya uzururaji iliyosafiri nao kwenye makoloni, na kwa njia hiyo maneno kuhusu mtu anayekutwa akirandaranda kwa saa na mazingira yanayotia shaka yakaingia katika kanuni za adhabu za nchi zetu. Tanganyika ilikuwa na sababu zake za ziada. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilifanya kuacha kazi ya mkataba kuwa jinai, na katika mashamba ya mkonge manamba aliyechoka hakuwa na wakati mwingine wa kuondoka ila usiku. Anayetembea usiku huko alikuwa, kwa macho ya msimamizi, mali inayotoroka. Mwaka 1944 ikaja sheria ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa. Uhuru haukuifuta fikra hiyo. Operesheni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwasomba watu Dar es Salaam kwa kushindwa kueleza papo hapo wanafanya nini na kwa nini wako pale. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika, kwa sababu zinaadhibu hali ya mtu badala ya kitendo chake na kumnyima dhana ya kutokuwa na hatia, na ikazitaka nchi kuzifuta au kuzirekebisha. Ilichukua miaka 735 tangu Winchester.

Pingamizi lililo zito kuliko yote linatoka msikitini na kanisani. Je, si vitabu vyenyewe vinavyounganisha giza na uovu? Kitabu cha Ayubu kinawataja mwuaji, mwizi na mzinifu kama watu walioufanya usiku kuwa asubuhi yao. Injili ya Yohana inasema wazi kwamba atendaye maovu huuchukia mwanga. Surat al-Falaq inamfundisha Mwislamu kujikinga kwa Mola na shari ya giza linapoingia, na wazazi wa pwani wanawaingiza watoto ndani wakati wa magharibi kwa kufuata mafundisho ya Mtume. Haya yamo, na anayejadili suala hili kana kwamba hayamo anamdanganya msomaji. Lakini yasome yalipo. Yale maneno ya Injili ya Yohana kuhusu wanaoukimbia mwanga yaliambiwa nani? Yaliambiwa Nikodemo, mkuu wa Wayahudi, ambaye mwandishi anatueleza makusudi kwamba alikuja usiku. Kama saa ingekuwa ushahidi, mazungumzo yangekwisha pale mlangoni. Hayakwisha, mtembea usiku huyo alipokewa, akafundishwa, na sura ya kumi na tisa inatuonyesha mtu huyo huyo akileta manemane na udi kwa mazishi, wakati wafuasi wengi wa mchana walikuwa wametawanyika. Yuda naye, katika Injili hiyo hiyo, anatoka mezani, nasi tunaambiwa kwamba ulikuwa usiku. Usiku ni mmoja, mlango ni mmoja, na watu wawili wanapita wakielekea pande tofauti kabisa. Mwandishi aliyependa sana lugha ya giza na nuru hakukubali kutumia saa kumhukumu mtu.

Qurani inaonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi. Musa anaamrishwa aondoke na watu wake usiku. Lut anaambiwa atoke na familia yake katika sehemu ya usiku. Safari ya Mtume kutoka Msikiti Mtakatifu hadi Msikiti wa Aqsa, inayofungua Surat al-Isra, ni safari ya usiku. Na kuhama kwake kutoka Makka akiwa na Abu Bakr kulifanyika kwa siri, Ali akiwa amelala kitandani pake. Yusufu na Mariamu, kwa upande wa Injili ya Mathayo, walimchukua mtoto usiku wakakimbilia Misri. Kama kila kijiji njiani kingekuwa na walinzi wa fikra tunayoizungumzia, sijui ni mtume gani angefika alikokwenda. Usiku ni wakati wa mwizi kujificha, kweli. Lakini ni wakati wa mnyonge kujificha pia, kwa sababu ile ile. Mchana ni wa wenye nguvu. Anayetafutwa na Firauni hana njia nyingine. Na Surat al-Falaq? Inamfundisha mtu kujikinga kwa Mungu. Haimfundishi kumpiga jirani mawe. Dua inakiri kwamba giza linaficha nisichokijua, na kwa kukiri hivyo inalipeleka jambo kwa Anayejua. Shutuma inafanya kinyume chake: inadai kujua.

Torati ina kifungu kigumu zaidi, nami sitakikwepa. Katika Kutoka sura ya 22 mwizi anayekutwa akivunja nyumba usiku akapigwa na kufa, aliyempiga hana damu juu yake. Lakini jua likiwa limekwisha kuchomoza, ana hatia. Hapa saa inabadilisha hukumu waziwazi. Je, hoja yangu imevunjika? Kisome tena uangalie ni hukumu ya nani inayobadilika. Mwizi ni mwizi usiku na mchana. Kosa lake limekwisha kuthibitika kwa kitendo, amekutwa akivunja. Kinachobadilika ni udhuru wa mwenye nyumba. Usiku hawezi kujua kama aliyeingia ana silaha, ni mmoja au watano, anataka mbuzi au roho. Mchana anaweza kujua, kwa hiyo anadaiwa zaidi. Sheria hiyo ya kale iliweka giza mahali pake: upande wa anayetazama. Inamsamehe asiyeona kwa sababu haoni, wala haisemi kwamba asiyeonekana ni mwovu. Na hata msamaha huo umefungwa kwa aliyekwisha kuingia ndani, si kwa anayepita barabarani.

Kuna kisa cha Umar bin al-Khattab ambacho wanazuoni wamekisimulia, Ghazali akiwa mmoja wao, na ambacho ningependa kila kamanda wa ulinzi akisikie. Khalifa huyo alikuwa na desturi ya kuzunguka Madina usiku. Ndivyo alivyomkuta mama aliyekuwa akiwatuliza watoto wenye njaa kwa chungu cha maji matupu, akajibebea unga mgongoni kumpelekea. Usiku mmoja alisikia sauti ndani ya nyumba, akashuku, akapanda ukuta, akamkuta mtu katika maasi. Akamkemea. Mtu yule akamjibu kwamba yeye kama ametenda kosa moja, khalifa ametenda matatu: amepeleleza, na Mungu amekataza upelelezi, hakupitia mlangoni, na Mungu ameamrisha nyumba ziingiwe kwa milango, na ameingia bila kubisha hodi wala kutoa salamu. Umar akamwacha. Zingatia kwamba katika kisa hiki shaka ilikuwa sahihi. Ndani kulikuwa na maasi kweli. Bado njia ilikuwa batili, na mkuu wa dola alikubali hivyo mbele ya mkosaji. Aya ya Surat al-Hujurat inayokataza kudhania sana inaeleza kwamba baadhi ya dhana ni dhambi, bila kusema kwamba dhana zote ni za uongo. Dhana inaweza kupata na ikabaki dhambi, kwa sababu aliyedhani hakuwa na haki ya kufika pale alipofika.

Watu wa ulinzi shirikishi watanijibu, na jibu lao lina uzito wa maisha. Watasema: wewe unaandika, sisi tunaibiwa. Ng'ombe huchukuliwa usiku, nyaya za umeme hukatwa usiku, maduka huvunjwa usiku. Sungusungu walipoibuka Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliibuka kwa sababu polisi hawakuwepo na mifugo ilikuwa ikitoweka, nao walifanikiwa kiasi kwamba mwaka 1989 Bunge liliwapa nafasi katika sheria. Yote hayo ni kweli. Lakini historia hiyo hiyo ina upande mwingine: baadhi ya vikundi vilivyoanza na wezi wa ng'ombe viligeukia haraka bibi walioshukiwa uchawi. Kwa nini? Kwa sababu mlinzi aliyezoea kumtambua adui kwa saa na sura hana breki inapofika zamu ya asiye na kosa. Isitoshe, hesabu yenyewe haimsaidii. Hata kama wezi wengi hutembea usiku, haifuati kwamba watembeao usiku wengi ni wezi. Wauguzi na wakata mkonge ni wengi kuliko wezi katika kila kata ninayoweza kuifikiria. Mlinzi anayemsimamisha kila mpita njia kwa kipigo anapoteza usiku wake kwa wasio na hatia, huku mwizi mzoefu, anayejua ratiba ya doria, amelala kwake akingoja saa kumi. Sisemi doria zikome. Doria inayouliza ni ulinzi. Inayohukumu ni hatari nyingine iliyoongezwa juu ya wizi.

Kuhusu uchawi nitasema kidogo kuliko wengi wanavyotarajia, kwa sababu sihitaji kumshawishi mtu aache kuamini. Tuchukue kwamba wanga wapo. Bado swali la ushahidi liko pale pale. Anayeamini ghaibu anapaswa kuwa wa kwanza kukiri kwamba ghaibu haionekani kwa macho yake. Akidai kumwona mwanga kwa kuwa amemwona bibi akienda msalani saa tisa, ameishusha ghaibu ikawa kitu cha kuchungulia dirishani. Magharibi ya Kenya, kati ya Wajaluo na Waluhya, kuna imani ya mkimbiaji wa usiku, anayerusha mchanga juu ya mabati na kugonga milango kisha akatokomea. Mara nyingi wenyeji humwona kama msumbufu zaidi kuliko mwuaji, na wanamtofautisha na anayeroga watu wakafa. Sina haja ya kuamua kama yupo. Nataka kuonyesha tu kwamba hata ndani ya imani watu wanaweza kuuliza amefanya nini, na wakapima jibu.

Pingamizi la mwisho ni la wapole, na kwa hiyo ndilo linalopita bila kuulizwa. Wanasema: hatumhukumu mtu, tunamlinda, binti asitoke usiku kwa usalama wake. Ushauri huo unaweza kuwa wa hekima, na mama anayeutoa hana kosa. Tatizo ni kile unachogeuka kuwa baada ya madhara kutokea. Binti akishambuliwa, swali la kwanza analokutana nalo, nyumbani na pengine hata anapokwenda kutoa taarifa, ni alikuwa akienda wapi saa zile. Ushauri umekuwa hukumu, na hukumu imemwangukia aliyeumizwa. Wimbo Ulio Bora, katika sura ya tano, una mwanamke anayezunguka mjini usiku akimtafuta mpenzi wake. Walinzi wa zamu wanamkuta, wanampiga, wanamjeruhi, wanamvua shela yake. Kitabu hakimlaumu kwa kutoka. Aibu, kama ipo, ni ya walinzi. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu mapenzi katika kitabu hicho na machache sana kuhusu mstari huo.

Yeye atembeaye naye anadaiwa, na adabu ya pwani ilikwisha kulipanga deni hilo zamani. Ukikaribia nyumba ya watu usiku unakohoa, unatoa salamu ungali mbali, unabisha hodi. Usipojibiwa mara ya tatu, unarudi. Ukikutana na mtu njiani unasalimu kwanza wewe uliye mgeni. Ukiulizwa unakwenda wapi, unajibu bila kuona umetukanwa. Aliyesimama kwake, kwa upande wake, anauliza kabla ya kushika fimbo, na anaitikia salamu, maana salamu iliyoitikiwa imekwisha kuwa ahadi ya amani kati ya watu wawili wasioonana vizuri. Haya hayagharimu kitu, na yanafanya kazi ambayo tochi peke yake haiwezi: yanapunguza ujinga wa pande zote mbili, ambao ndio tatizo la giza tangu mwanzo. Bubu, mgonjwa wa akili na mgeni asiyejua Kiswahili hawawezi kujibu vizuri, na hao ndio wanaouawa. Kwa hiyo kimya cha mtu kisihesabiwe kuwa jibu, bali sababu ya kumtafuta anayemfahamu, au kumkalisha salama hadi asubuhi.

Wenyeviti wa vitongoji vya Hale, Segera na kwingineko wanapokutana na vikundi vyao vya doria, ninawaomba jambo moja dogo. Katika daftari la usiku, mbele ya jina la kila aliyesimamishwa, liandikwe alilokutwa akilifanya. Pakiandikwa saa peke yake, au pakiandikwa kwamba alikuwa akitembea, mtu huyo aachwe aende zake, na ikibidi asindikizwe. Maimamu na mapadri wasaidie kulieleza hilo Ijumaa na Jumapili, kwa kuwa watu watawauliza wao kwanza.